Nimewakubalia watu watatu, na ini ninalo moja

Mpendwa mshauri, muuguzi wa kliniki ya ini alinipigia simu jana Jumatano saa tatu asubuhi, akanieleza kwa sauti ya upole kabisa kwamba ametuma ujumbe kwa namba zote tatu za ndugu nilizojaza kwenye fomu, akiwaita waje pamoja nami kwa daktari wa upasuaji Jumanne ijayo saa nane mchana, na ndiyo maana naomba msaada wako nikiwa nimekaa chini ya meza yangu ya kukatia nguo, kwa sababu juu ya meza simu inalia na anayepiga ni mke wangu, au kaka yangu, au dada yangu, sijathubutu kuangalia ni nani kati yao.

Mimi ni fundi cherehani, miaka hamsini na mmoja, nashona suti za kiume na sare za shule, na wateja wananiita Njoo Ijumaa, jina ambalo nilidhani ni la sifa mpaka binti yangu mkubwa aliponifafanulia. Nina saratani ya ini. Nilijua nina virusi vya homa ya ini aina ya B miaka sita iliyopita, siku niliyokwenda kumchangia damu jirani wakaikataa damu yangu, na tangu hapo nameza kidonge kila siku na kupigwa picha kila baada ya miezi sita, na mara ya mwisho wakaona uvimbe mmoja wa sentimita moja na pointi tisa, yaani sawa na kifungo cha koti la kawaida, na baada ya wiki saba wakapiga tena wakaona sentimita mbili na pointi nne, na hizo mshauri nakwambia ni kifungo cha koti la baridi.

Daktari wa upasuaji ni kijana mwenye subira, alichora ini langu kwenye karatasi, akachora na kifungo, akaniambia nina bahati uvimbe umeonekana mapema na kwamba njia ni tatu, ya kwanza kukata kile kipande chenye uvimbe, ya pili kuingiza sindano kutoka nje na kuuchoma uvimbe kwa joto pale pale ulipo, na ya tatu kutoa ini lote na kunipandikiza jingine, au sehemu ya ini la ndugu, na hapo ndipo lilipo kosa langu la kwanza, kwa sababu alipokuwa akieleza ipi ina faida gani mimi nilikuwa natazama koti lake jeupe, bega la kushoto lilikuwa limeshuka chini ya la kulia kwa nusu inchi nzima, na mtu wa kazi yangu akishaona bega kama hilo masikio yanaziba. Nilisikia kitu kuhusu mshipa mkubwa ulio jirani. Nilisikia kitu kuhusu ini litakalobaki. Kisha akaniuliza, "Umeelewa?" nikasema, "Nimeelewa, daktari." Akauliza, "Una swali lolote?" nikasema, "Sina, ila koti hilo nani alikushonea?" Akasema wanagawiwa stoo. Nikamwambia aniletee, Ijumaa litakuwa tayari.

Nilipofika nyumbani mke wangu, ambaye anafundisha hesabu darasa la nne na hajawahi kukubali jibu lisilo na njia, alinikalisha mezani jikoni akafungua daftari, akaniambia, "Haya, baba watoto. Wamesema nini?" Nikamtajia zile njia tatu bila faida wala hasara zake maana sikuwa nazo, akafikiri kidogo tu akasema, "Kitu kibaya kinatolewa nje. Nataka nikione kwa macho yangu kwenye chupa, nikihesabu, kimoja, kimetoka. Hiyo ya kuchoma unajuaje kama kimeisha? Umenisikia?" Nikamwambia, "Nimekusikia, mama watoto. Na mimi nimeamua kukatwa." Sikuwa nimeamua kitu. Lakini uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza tangu tupate habari, na mimi nikaona nimefanya kazi nzuri. Kesho yake akamwomba mwalimu mkuu ruhusa ya wiki tatu na akaniandikia ratiba ya kuuguzwa yenye vipindi, saa mbili dawa, saa mbili na nusu kugeuzwa ubavu, saa nne mapumziko mafupi.

Siku ya pili nikapita gereji kwa kaka yangu mkubwa, yeye ni fundi wa malori na maisha yake yote hajawahi kuamini kitu kinachozibwa. Akatoka chini ya lori, akafuta mikono, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mdogo wangu, injini ikishapasuka haizibwi. Unaishusha, unaweka nyingine." Nikamuuliza, "Sasa nyingine inatoka wapi?" Akasema, "Hapa," akajipiga ubavuni, mshauri, ubavu wa kushoto, ambako ini haliko. Macho yake yalikuwa yamelowa, akasema ni mvuke wa petroli. Huyu ni mtu ambaye tangu tumzike baba hajanishika mkono isipokuwa kunionyesha spana. Ungekuwa wewe ungemwambia nini? Nilimwambia, "Nimekubali, kaka, nitalichukua." Tangu siku hiyo ameacha bia, anatembea kilomita tano kila asubuhi akiwa na ovaroli, gereji nzima wanamwita Mfadhili, na kila siku mchana ananipigia kuuliza nimekula nini.

"Nimekula viazi vya kukaanga."

"Acha mafuta."

"Kaka, ini ni langu."

"La sasa ni lako. Hilo linalokuja ni langu, na nina haki ya kujua linahamia nyumba ya namna gani."

Siku ya tatu ikawa zamu ya dada yangu, mdogo wetu wa mwisho, ana saluni, na yeye hakusubiri nimweleze, alikuwa ameshapata taarifa zote kutoka kwa mteja aliyekuwa chini ya kikaushio, ambaye mjomba wake alichomwa uvimbe wa ini kwa sindano Jumatatu, Jumatano akarudi nyumbani na Jumamosi akacheza muziki arusini. "Sindano, kaka," akaniambia. "Ya nini kupasuliwa kama godoro? Mimi mwenyewe nachoma vichwa vya watu kila siku, kuna aliyekufa?" Nikasema, "Kuna aliyeungua sikio." Akasema, "Sikio si ini. Niahidi." Akanikazia macho yale yale aliyokuwa akinikazia akiwa na miaka mitano akitaka nimbebe, nikamwahidi. Ameshaninunulia kandambili mpya za hospitali.

Sasa nikafanya kile ambacho fundi yeyote mwenye wateja watatu na kitambaa kimoja angefanya, niliwapishanisha. Wote walitaka kunisindikiza kwa daktari Jumanne, nikamwambia mke wangu miadi ni saa mbili asubuhi, kaka nikamwambia saa tano, dada nikamwambia saa nane, nikijua nitapata maneno ya kumwambia kila mmoja kwa wakati wake, kama ninavyowapata wateja wangu mmoja mmoja mlangoni, na mpango ungekwenda vizuri kama si huyu muuguzi na ujumbe wake mmoja kwa watu watatu.

Unaweza kuniuliza mimi mwenyewe nataka ipi. Hakuna aliyeniuliza, na kusema kweli na mimi sikujiuliza, kwa sababu kila nilipotaka kujiuliza nilikuta kuna mtu nimeshamjibu. Ninachojua ni hiki tu, kila nikifikiria kaka yangu amelala kitanda cha pili, mzima wa afya, amepasuliwa kwa ajili yangu, mkono unakataa kukata kitambaa, na jana niliharibu suruali mbili. Nilifikiri nimwombe daktari aahirishe, nikamuuliza muuguzi, akasema nafasi iliyopo chumba cha upasuaji ni ya mwezi huu, tarehe ishirini na sita, na nisipotoa jibu Jumanne itapewa mgonjwa mwingine, nami nitasubiri wiki kumi. Mshauri, wiki saba tu zilitosha kifungo kukua. Nisaidie niseme nini, na nianze na nani, na kama kuna namna ya kuwaridhisha wote watatu niambie, kwa sababu mimi nimeitafuta mpaka chini ya meza.

Wako,
Fundi Njoo Ijumaa

*

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, toka chini ya meza. Wanajua.

Habari hii nimeipata jana Jumamosi saa tatu asubuhi kutoka kwa mkeo, aliyepiga simu hapa chumba cha habari, na ninaitoa kwa ruhusa yake. Barua uliyonitumia ilikuwa nakala safi. Ile ya kwanza, yenye maneno yaliyofutwafutwa, uliiandika nyuma ya karatasi ya kukatia mikono ya koti, ukaiacha hapo sakafuni. Mkeo alikuja kukutafuta Alhamisi jioni, hakukukuta, akakuta karatasi. Akaisoma yote, akawasomea shemeji yake na wifi yake kwenye simu, na kaka yako akaomba sehemu ya viazi irudiwe.

"Mshauri," mkeo aliniambia, "mtu anaandika kurasa nne kwa mtu asiyemjua, na mimi niko naye hapo, mto mmoja. Na mimi sikumwambia akatwe. Nilimwambia ninavyofikiri. Yeye ndiye aliyeniambia ameamua."

Nyuma yake nilisikia sauti ya kiume ikisema, "Mwambie ini bado lipo," na ya kike ikisema, "Mwulize kandambili zimemtosha?"

Wamekubaliana kunyamaza mpaka leo Jumapili, waone kama utasema mwenyewe. Niliwauliza kama huo si mtego. Mkeo akasema ni jaribio, na kwamba umepewa muda wa kutosha.

Na mimi nilikujaribu. Ijumaa saa nne asubuhi nilipiga namba uliyoiandika, nikakuuliza kama umeshaongea nao. Ulinijibu, "Karibu, mshauri. Bado vifungo tu." Fundi, nina gauni kwa fundi mwingine tangu mwezi wa pili, nalo limebakiza vifungo tu. Najua maana yake. Maana yake hujakata hata kitambaa.

Pole kwa ugonjwa. Naisema mara moja na ninaimaanisha, kisha tuendelee, kwa sababu una siku mbili.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Wewe umeshika tatu, na kila moja umeiwekea miadi. Huenda unajiona mpole. Si upole huo. Mteja akidanganywa kuhusu suti hurudi nyumbani amekasirika, akavaa ya zamani. Mkeo amechukua ruhusa kazini. Kaka yako ameacha bia. Watu hawa wamepanga maisha yao juu ya neno ulilolitoa ili nyuso zao zilegee kwa dakika tano. Na aliyedanganywa vibaya kuliko wote ni daktari, maana yeye ulimwambia umeelewa, na yeye ndiye mwenye kisu.

Kwa kuwa ulikuwa unatazama bega lake, nimekutafutia kile ulichokikosa. Nilimpigia daktari bingwa mwingine wa upasuaji wa ini, asiyekutibu wala kukujua. Alikataa kuniambia ufanyiwe ipi kwa kuwa hajaona picha zako, nami sikumbembeleza. Lakini alinieleza jinsi wao wanavyoamua, na nilimrudisha nyuma mara mbili mpaka nikaelewa.

Kosa la ndugu zako wote watatu, alisema, ni kuutazama uvimbe peke yake. Kwanza tazama ini lililouzunguka. Nitakuambia kwa lugha yako: mtu akikuletea koti lina tundu, hushiki tundu, unashika kitambaa pembeni yake uone kama kinahimili sindano. Virusi vimekaa humo miaka mingi, vinaweza kuwa vimeacha makovu. Kama ini lako bado linafanya kazi vizuri na shinikizo la damu kwenye mishipa yake halijapanda, unaweza kukatwa kipande na sehemu inayobaki ikakubeba, tena ikakua. Kama limechoka, ukikatwa kipande kinachobaki hakitoshi, na hapo kukata ndiyo hatari yenyewe. Kwa hiyo swali lako la kwanza Jumanne ni hili: ini langu, ukiondoa uvimbe, lina hali gani?

Sindano si mchezo wa saluni, na wala si tiba ya waoga. Kwa uvimbe mmoja usiozidi sentimita tatu inafanya kazi nzuri, kwa wagonjwa wengi karibu sawa na kukata, na ni kweli watu hurudi nyumbani mapema. Mjomba wa yule mteja hakudanganya. Lakini ule mshipa mkubwa uliousikia kwa sikio moja ndio habari yenyewe: damu inayopita pembeni hupoza moto wa sindano, na ukingo wa uvimbe unaweza kubaki hai. Swali la pili, basi: uvimbe wangu uko umbali gani na mshipa huo, na je, sindano itaufikia wote? Na kumbuka wako ni mbili na pointi nne na unakua. Ukishapita tatu, mlango huo unaanza kufungwa.

Kupandikiza kuna jambo moja ambalo mbili za kwanza hazina. Kunaondoa uvimbe pamoja na ini lililouzaa. Ukikatwa au ukichomwa, ini lile lile lenye virusi na makovu linabaki, na linaweza kuotesha uvimbe mwingine. Ndiyo maana utapigwa picha kila baada ya miezi michache hata ukipona vizuri, na kidonge chako utaendelea kumeza. Lakini kupandikiza ni upasuaji mkubwa kuliko yote, una dawa za kutuliza kinga ya mwili maisha yako yote, na kama ini linatoka kwa mtu aliye hai, basi wanapasuliwa watu wawili, na mmoja wao hakuwa mgonjwa. Swali la tatu: nikianza na kukata au kuchoma, na uvimbe ukirudi, je, kupandikiza bado kutawezekana? Daktari wangu anasema mara nyingi kunawezekana, si mara zote. Mwulize wako.

Umeona? Huenda hakuna haja ya kumkatalia kaka yako. Huenda ni wa akiba. Lakini kuna jambo hakuna hata mmoja wenu aliyelifikiria, na hili ndilo limenifanya niache kalamu nitembee mpaka dirishani.

Virusi vya homa ya ini B mara nyingi hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto siku ya kuzaliwa. Wewe, kaka yako na dada yako mmezaliwa na mama mmoja. Nilimuuliza mkeo kwenye simu kama Mfadhili ameshawahi kupimwa. Simu ikazibwa kwa kiganja. Iliporudi, mkeo alisema, "Hajawahi. Anasema haumwi." Fundi, wewe pia hukuwa unaumwa. Ulikwenda kuchangia damu. Mtu anatembea kilomita tano kila asubuhi kulitunza ini ambalo hajui kama linafaa, na hajui kama yeye mwenyewe anahitaji matibabu. Na dada yako vilevile. Na mkeo, na watoto, ambao kama hawana virusi wanahitaji chanjo, na wangeipata miaka sita iliyopita kama mwenye nyumba angesema alichoambiwa siku ile ya damu. Au nalo lilibakiza vifungo?

Mkeo anasema watoto walichanjwa shuleni na kliniki wakiwa wadogo, na cheti anacho. Yeye mwenyewe hakuchanjwa. Kesho atachanjwa, baada ya kupimwa.

Sasa ninyi watatu mnaosoma ukurasa huu mmejazana mezani, nina neno moja na ninyi. Mwalimu, uvimbe si hesabu ya kufuta. Mwenye saluni, mjomba wa mteja ana ini lake na kaka yako ana lake. Mfadhili, ini liko kulia. Mmempenda mtu huyu kwa sauti kubwa kiasi kwamba hakusikia daktari akisema nini. Kila mmoja wenu alileta zana yake ya kazi na kuiita ushauri. Leo mwacheni amalize sentensi.

Narudi kwako, fundi. Umeuliza kama kuna namna ya kuwaridhisha wote watatu. Hakuna, na hukuitwa kuwaridhisha. Katika barua yako ndefu kuna mahali pamoja tu uliposema unachokitaka wewe: ulipoandika kwamba ukimfikiria kaka yako kwenye kitanda cha pili mkono unakataa. Hiyo si dalili ya udhaifu, wala usiifiche. Ni jambo ambalo daktari anatakiwa kulijua, kwa sababu yeye anapima uvimbe na ini, lakini kipimo cha nini utaweza kuishi nacho hana. Mwambie. Kama ini lako ni zima kiasi na mshipa uko karibu, huenda mkono wako na picha zake vinasema jambo moja, kukatwa kipande. Kama picha zinasema jambo jingine, bora ulijue na ubishane nalo mbele yake kuliko kulikubali kwa mdomo na kulikimbia kwa miguu.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo saa kumi alasiri watakuwa kwako, wote, hilo nimelithibitisha. Usingoje waanze. Sema: "Niliwaambia kila mmoja wenu nimeamua, na sikuwa nimeamua. Niliogopa nyuso zenu." Kisha nyamaza. Watapiga kelele, mkeo anaona robo saa itatosha, dada yako ameomba nusu saa. Usimwahidi mtu yeyote kitu chochote ndani ya muda huo, hata chai.

Kesho Jumatatu saa mbili asubuhi kaka yako, dada yako na mkeo wanakwenda maabara ya kliniki kupimwa. Kaka yako anasema atapeleka na wenzake wawili wa gereji, na hilo ndilo jambo la maana zaidi lililotokana na ovaroli mpaka sasa.

Wewe kesho andika yale maswali matatu kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Jumanne daktari akianza kueleza, mtazame usoni. Akiuliza, "Umeelewa?" na hujaelewa, sema, "Sijaelewa, rudia." Nilijaribu mwenyewe mara mbili na daktari wangu; hakukasirika, alishukuru. Mkeo aandike, daftari analo. Dada yako na kaka yako wasikilize. Daktari akishajibu yote matatu, mwulize ungekuwa ndugu yake angekushauri ipi, kisha waombe wote watatu watoke nje kwa dakika kumi, ubaki naye peke yako.

Katika dakika hizo kumi atakupa fomu ya ridhaa. Nimeiona mfano wake. Ina nafasi ya sahihi ya daktari, na chini yake mstari mmoja wa mgonjwa. Hakuna mstari wa mke, wala wa kaka, wala wa dada, na wa mshauri haupo kabisa. Kalamu utaishika wewe.

Kikao ni Jumanne saa nane mchana. Ukishatia sahihi, kulazwa ni siku moja kabla ya upasuaji, tarehe ishirini na tano, saa kumi jioni.